Wapanda farasi wa Poland hawakuvishambulia vifaru kwa mikuki

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba Ujerumani ilipoivamia Poland mwaka 1939, askari wapanda farasi wa Poland walivivamia vifaru kwa mikuki, kana kwamba hawakujua chuma ni kitu gani. Sivyo ilivyokuwa. Jioni ya tarehe 1 Septemba, karibu na kijiji cha Krojanty, sehemu ya rejimenti ya 18 ya wapanda farasi wa Poland iliwashambulia kwa panga askari wa miguu wa Kijerumani waliokuwa wakipumzika, ikawatawanya, na hapo ndipo magari ya deraya ya Kijerumani yalipotokea na kuwamiminia wapanda farasi hao risasi. Kamanda wao, Kanali Kazimierz Mastalerz, aliuawa. Waandishi wa habari walioletwa baadaye waliona mizoga ya farasi na vifaru kando yake, wakaunganisha mambo wenyewe, na propaganda ya Kijerumani ikaifurahia hadithi hiyo.

Kwa kawaida farasi walikuwa usafiri tu: askari walishuka na kupigana kwa miguu, wakiwa na mizinga ya milimita 37 iliyoweza kutoboa vifaru. Siku hiyohiyo, huko Mokra, brigedi ya wapanda farasi ya Wołyń iliizuia divisheni ya 4 ya vifaru ya Ujerumani, tukio ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kukumbukwa zaidi. Na Ujerumani yenyewe ilitegemea mamia ya maelfu ya farasi kuvuta mizinga na mizigo yake.