Mfupa Uliovunjika kwa Kuteleza Tu: Maswali na Majibu

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 64, aliteleza uani akajizuia kwa kiganja, na mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika. Alifungwa plasta na mfupa umeunga vizuri. Je, kuna la kufuatilia?

Lipo, na kwa bahati mbaya ndilo linalosahauliwa zaidi. Mfupa imara hautarajiwi kuvunjika kwa sababu tu mtu aliyesimama ameanguka chini. Ukivunjika hivyo baada ya umri wa miaka 50, mgonjwa anapaswa kuchunguzwa kama ana osteoporosisi, yaani hali ya mfupa kupungukiwa madini na kudhoofika ndani kwa ndani bila maumivu yoyote. Plasta inaponya palipovunjika, lakini chanzo kinabaki palepale, na aliyevunjika mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika tena, hasa katika miaka miwili inayofuata, na safari hii huenda ikawa nyonga.

Hatari hiyo hupimwaje?

Huanza kwa maswali. Daktari atauliza kama mzazi wa mgonjwa aliwahi kuvunjika nyonga, kama hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, kama anavuta sigara au kunywa pombe nyingi, kama ana baridi yabisi, na kama kimo chake kimepungua au mgongo umeanza kupinda, jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni uzee tu, ilhali huenda pingili za uti wa mgongo zimebonyea. Kikokotoo kiitwacho FRAX, kilichotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, hutumia majibu ya namna hiyo kukadiria uwezekano wa kuvunjika mifupa katika miaka 10 ijayo kwa watu wa miaka 40 hadi 90, hata pale ambapo hakuna mashine ya DXA ya kupimia uzito wa madini ya mfupa. Kipimo cha DXA hutoa alama inayolinganisha mfupa wa mgonjwa na wa kijana mwenye afya, na alama ya -2.5 au chini yake ndiyo huitwa osteoporosisi. Hata hivyo, wengi huvunjika wakiwa juu ya alama hiyo, kwa hiyo namba peke yake haitoshi kumtuliza mtu.

Je, dawa zinaweza kudhoofisha mifupa?

Ndiyo. Inayoongoza ni prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini, ikimezwa kila siku kwa miezi mitatu au zaidi. Tenofoviri, iliyomo katika dawa nyingi za kufubaza VVU, na sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu pia hupunguza madini ya mfupa kwa kiasi fulani. Asiache mtu dawa hizi kwa uamuzi wake. Prednisoloni hasa, ikikatishwa ghafla, inaweza kuhatarisha maisha.

Supu ya mifupa inasaidia?

Ni tamu, lakini kalisi yake, yaani madini yanayojenga mfupa, ni kidogo mno. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalisi kwa siku, na kikombe cha maziwa au mtindi kina kama 300. Dagaa wanaoliwa na miiba yao ni chanzo kizuri na cha bei nafuu. Mchicha una kalisi, ila sehemu kubwa yake mwili haufaulu kuifyonza. Vitamini D hutokana zaidi na jua, na wazee wanaoshinda ndani huweza kuikosa hata wakiishi Mombasa au Tanga.

Mama akianzishiwa dawa, azingatie nini?

Alendroneti, dawa ya kuzuia mfupa kudhoofika inayotumika sana, kwa kawaida humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa. Baada ya hapo akae wima au atembee kwa dakika 30, kwa kuwa akijilaza kidonge kinaweza kuunguza umio. Amweleze daktari mapema iwapo ana ugonjwa wa figo, ana shida ya kumeza, au anatarajia kung'olewa jino.