Kusoma Mgongo wa Zulia la Poltava

Mtu akiniletea zulia la maua kutoka Ukraine akitaka kujua umri wake, naanza kwa kuligeuza. Upande wa juu umepigwa jua miaka na miaka. Mgongoni rangi hukaa karibu na zilivyotoka kwa mfumaji.

Ninazungumzia kilimu, zulia lisilo na manyoya, ambalo mshindio wa sufu, yaani nyuzi zinazopitishwa kwa upana, unaufunika wote mtande, yaani nyuzi zilizotandwa kwa urefu. Kwangu mimi hakuna yanayoyashinda ya Poltava, ng'ambo ya mashariki ya mto Dnipro. Huko mtande ulisimamishwa wima kwenye kitanda cha mfumi. Mfumaji aliweza kujaza petali moja kwanza, akiupinda mshindio ufuate mzunguko wa ua, kisha akarudi kujaza uwanja ulioizunguka. Tazama kwa karibu utaona nyuzi zenyewe zimepinda. Kwenye vitanda vya mfumi vilivyolazwa vya Wahutsul, watu wa milima ya Carpathia, mshindio hupita mnyoofu, na mapambo yake ni pembe na miraba. Kwa hiyo ua la Poltava halikutokana na ladha peke yake. Kifaa ndicho kilicholiruhusu.

Katika karne ya 18 maofisa wa Makosaki, jamii ya wapiganaji wa Ukraine, waliokuwa wamegeuka mabwana wa ardhi, waliweka karakana za ufumaji kwenye mashamba yao, na waliofuma wengi walikuwa wakulima waliomilikiwa na mabwana hao. Maua ya Uajemi na ya sanaa ya baroko ya Ulaya yaliingia humo, lakini mikono ile ikayafanya yake: hayana vivuli, yametawanyika kwenye uwanja wa buluu, manjano au kahawia, mabua yakizunguka kwa raha. Mazulia mengine yamefumwa mwaka na herufi za jina la mwenyewe, na kila nikikutana na moja la namna hiyo hufurahi sana, kwa sababu majina ya wafumaji wenyewe karibu yote yamepotea. Umiliki wa wakulima ulifutwa mwaka 1861. Karakana za mabwana zikafifia, ila vijijini watu waliendelea kufuma, na mji mdogo wa Reshetylivka bado una wafumaji wa maua hadi leo.

Turudi mgongoni. Rangi za mimea, kama ya nili, ya maganda ya vitunguu na ya magome ya mwaloni, huzeeka kwa upole. Rangi za viwandani zilianza kwa zambarau ya William Perkin, London, mwaka 1856. Ukikuta zambarau kali nyuma na kijivu mbele, zulia hilo haliwezi kuwa la karne ya 18, hata muuzaji aape.

Ukiona mawaridi makubwa yenye vivuli kwenye uwanja mweusi, fikiria kwanza Bessarabia, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Moldova na Ukraine. Ni kazi nzuri, nyingi ya mwishoni mwa karne ya 19, lakini madukani huitwa Poltava ili bei ipande. Mwombe muuzaji akuonyeshe nyuma, kwenye mwanga wa mchana.