Pua ya mtoto ikiziba: tunayoambizana Mwanza na ukweli wake

Mwanangu wa kwanza alishikwa na mafua akiwa na wiki sita, mwezi wa Julai, siku ambazo upepo wa ziwa hupiga mpaka mabati yanalia. Homa hakuwa nayo. Shida ilikuwa kwenye ziwa lile lingine, la mama: anashika, ananyonya mara mbili, anaachia, analia. Kabla jua halijazama watu watano walishanipa tiba tano, na kila mmoja alinitakia mema. Tiba tatu kati ya hizo zingeweza kumuumiza.

"Upepo wa ziwa ndio uliompata." Mafua huletwa na virusi, tena vya aina zaidi ya 200, na mtoto huvipata kutoka kwa watu: mkono uliofuta kamasi, busu la mgeni, kaka yake anayepiga chafya. Upepo wenyewe hauna mafua. Ila upepo ukizidi tunafunga madirisha, tunajazana chumba kimoja, na jikoni mkaa unafuka. Hapo virusi vinapata watu, na moshi unazidi kuvimbisha pua. Kumfunga mtoto mablanketi matatu pia hakumsaidii, maana anachemka mpaka unadhani ana homa. Nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe inatosha, na kumwogesha maji ya vuguvugu si kosa.

"Pua imejaa, kamasi litolewe lote." Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mtoto wa miezi michache hupumua zaidi kwa pua, bado hajazoea kutumia mdomo. Tundu zake ni nyembamba, na mara nyingi kinachoziba ni nyama ya ndani iliyovimba kuliko kamasi. Ukivuta na kuchokonoa kila saa, unaivimbisha zaidi. Unachotaka ni njia ifunguke kidogo ili anyonye na alale, basi.

Kinachofanya kazi hiyo ni maji ya chumvi. Duka la dawa huuza matone yaliyo tayari. Nyumbani, chemsha maji, yawe ya bomba au ya kuteka ziwani, pima glasi ya mililita 250, tia chumvi robo kijiko cha chai, koroga, funika, yapoe kabisa. Kesho yamwage, utengeneze mengine. Robo kijiko ni robo kijiko kweli, kilichosawazishwa. Chumvi ikizidi inamwasha. Mlaze mapajani, kichwa kimeinama nyuma kidogo, umdondoshee matone mawili au matatu kila tundu. Atakasirika. Subiri dakika moja, atapiga chafya, futa kwa kitambaa laini. Ukiwa na kile kipira cha kuvutia kamasi, kibonyeze kwanza kikiwa nje, ingiza ncha yake mlangoni tu mwa pua, ndipo ukiachie taratibu. Zaidi ya mara nne kwa siku usivute. Saa nzuri ni kama robo saa kabla ya kunyonya. Mimi niliikosa siku mbili nzima, nilikuwa namsafisha akishashiba, naye anatapika yote.

"Bibi zetu walinyonya kamasi kwa mdomo." Walinyonya, na kamasi lilitoka, siwezi kumcheka bibi yangu kwa hilo. Hakuwa na kipira. Lakini mdomo wa mtu mzima una vijidudu vyake, na anayenyonya naye anaondoka na mafua. Kipira kilichooshwa kwa sabuni na maji moto kinafanya kazi ileile.

Maziwa ya mama puani? Hakuna uthibitisho kwamba yanayashinda maji ya chumvi. Mpe kwa mdomo, kidogo kidogo na mara nyingi. Huko yana kazi kubwa.

"Mpake ile ya kuchua, au mdondoshee mafuta." Mafuta ya nazi au samli vikishuka kutoka puani vinaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia ambayo antibayotiki haiitibu. Na dawa za kuchua zenye menthol na kafuri zinakudanganya hata wewe mtu mzima: ule ubaridi unaupa mwili hisia kwamba pua imefunguka, wakati uvimbe upo palepale. Kwa mtoto mdogo zinaweza kuziba njia ya hewa zaidi, na kafuri ikiingia mwilini husababisha degedege. Chini ya miaka 2 asipakwe, si puani, si kifuani, wala nyayoni chini ya soksi.

Nyungu iliporudi kwa kishindo mwaka 2020, wapo waliowafunika na watoto. Sufuria inayochemka, blanketi na mtoto anayerusha miguu ni njia fupi ya kwenda wodi ya majeraha ya moto.

Asali kabla ya mwaka 1, hata ya kulambisha kidoleni, hapana: inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, vinavyotoa sumu inayolegeza misuli ya mtoto mpaka ya kupumua. Mto chini ya kichwa nao hapana. Alale chali, mahali palipo sawa.

"Kamasi la kijani linataka amoksilini." Rangi hubadilika siku chache baada ya mafua kuanza kwa sababu chembe nyeupe za damu zipo kazini. Antibayotiki haiui virusi. Na zile sirapu za kukausha mafua, piritoni ikiwemo, kwa mtoto wa chini ya miaka 2 zinamlewesha usingizi bila kumponya. Mafua yenyewe huisha kwa siku 7 hadi 10, wakati mwingine wiki mbili.

"Kikohozi hakiishi, kimeo kimerefuka." Hii ndiyo inayonipandisha hasira. Kimeo ni kinyama ambacho kila mtu anacho kooni. Kikohozi cha usiku hutokana na kamasi linaloshuka kooni mtoto akilala. Hakuna cha kukata. Walioenda kwa mkata kimeo wamerudi na watoto wanaovuja damu, wengine wakapata maambukizi au pepopunda ya wembe.

Na tarehe ya kliniki isikupite: mafua madogo bila homa hayazuii chanjo.

"Ni mafua tu." Mara nyingi ndiyo. Ila mfunue kifua akiwa ametulia, shika simu yenye saa, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno; miezi 2 hadi 11 ni 50; mwaka 1 hadi 5 ni 40. Ukiona idadi hiyo, au mbavu za chini zinazama kila anapovuta hewa, midomo inageuka bluu, amekataa kunyonya kabisa, amelegea, au ni wa chini ya miezi 3 na joto limefika nyuzi 38, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo, hata kama ni kwa bodaboda.