Camaro haina chasi nzima: maneno ya gereji na ukweli wake

"Magari ya zamani yote yana chasi, bodi ni urembo tu." Chasi ni ile fremu ya chuma chini ya gari inayobeba mzigo wote. Ukiulizia gereji za Gerezani, Dar es Salaam, habari za kufufua gari la Kimarekani la miaka ya sitini, kauli hii huikosi, na ndiyo inayomaliza hela za watu. Kwa Land Rover ni kweli. Kwa Chevrolet Chevelle pia ni kweli. Chevrolet Camaro ya 1967 hadi 1969 iko nusu kwa nusu: mbele ina fremu fupi, sabufremu, inayobeba injini, giaboksi na saspensheni. Kuanzia ukuta wa injini kurudi nyuma hakuna chasi, ni bati la bodi lililokunjwa na kuchomelewa likabeba mzigo wote. Ford Mustang za wakati huo hazina hata hiyo sabufremu ya kufungua.

Kwa hiyo kutu ya sakafuni au chini ya milango si suala la kuziba matundu. Hapo ndipo uti wa mgongo wa gari. Ukikata pande zote mbili kwa mpigo huku gari likining'inia kwenye jeki mbili, bodi inajikunja, na mlango uliokuwa ukifunga vizuri asubuhi unagoma jioni. Chomelea kwanza vyuma vya kushikilia tundu la mlango, kata upande mmoja, ukiumaliza ndipo uhamie wa pili.

"Bushi za sabufremu zimekufa? Weka mpya, kaza, tembea." Taratibu. Bushi ni zile raba zinazokaa kati ya sabufremu na bodi. Kuna bolti nne kubwa zinazoishika sabufremu kwenye bodi, na mbili zaidi mbele kwenye fremu ya rejeta. Zikilegezwa, sabufremu inaweza kusogea, na ikikaa kombo milimita chache tu, boneti na fenda hazikutani tena, alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, nayo inakusumbua. Kiwandani waliacha tundu la kupimia kila upande, moja kwenye sabufremu na lingine kwenye sakafu juu yake. Penyeza chuma cha duara kisichocheza, upande wa kushoto na wa kulia, kisha vuta futi kona kwa kona, mara mbili, kama herufi X. Vipimo vikilingana ndipo ukaze. Fundi anayelinganisha kwa jicho mwache apige rangi.

Puti, ule ujazo wa kusawazisha bati kabla ya rangi, nayo inasingiziwa. Wapo wanaoona gari lenye puti ni la kitapeli, lakini hata kazi safi kabisa huwa nayo, nyembamba, isiyozidi kama milimita tatu, juu ya bati zima. Balaa ni ile ya "bosi, hapa tunapiga puti, haitaonekana", inayopakwa juu ya tundu la kutu. Puti hufyonza maji. Kwa hewa ya chumvi ya Masaki na Kigamboni, pamoja na masika, malengelenge hayatachelewa kujitokeza chini ya rangi. Bati lililooza likatwe mpaka pale linapong'aa, kipande kipya kikutanishwe ncha kwa ncha. Kukilaza juu ya kingine ni rahisi zaidi kwa fundi, ila pale katikati maji yatajificha. Na ulehemu wa nukta nukta, ukirukaruka huku na huku, ni salama kuliko moto wa gesi, ambao hulivimbisha bati jembamba.

"Piga mchanga, kutu yote itatoka." Hapo wanamaanisha kurusha mchanga kwa upepo wa kompresa. Mchanga wa pwani una chumvi, yaani unapanda mbegu ya kutu unayoitoa, na vumbi lake huharibu mapafu. Kwenye sabufremu, chuma nene, upigaji huo unafaa ukiwa na mchanga wa kazi hiyo na kinga ya pumzi. Kwenye boneti unapindisha bati.

Praima ya kawaida, ile rangi ya kwanza chini ya rangi yenyewe, nayo si kinga, inapitisha unyevu. Bati likishakuwa tupu, paka praima ya epoksi siku hiyohiyo. Kwa unyevu wa Dar, ukilala nalo hivyohivyo, kesho unaanza msasa upya.