Gari la Umeme Likizima Njiani, Mteja Asiachwe Gizani

Gari la petroli likiugua hujisema lenyewe. Litatoa moshi, litagonga, litanuka mafuta, na dereva aliyelizoea anaweza kumpigia fundi wake wa Mwanakwerekwe akamwambia, "Nahisi ni feni belti." La umeme halina maneno hayo. Jana limekuja kutoka Paje salama, leo asubuhi ukibonyeza kitufe kioo kinawaka kidogo kisha kinazima, au kinatoa maandishi ya Kijapani yasiyosomeka na yeyote nyumbani. Mwenye gari hana cha kuona, hana cha kusikia, na hofu yake yote inamwendea anayepokea simu. Kabla ya spana kushikwa, mwenye gari huyo anadai maelezo, na kwa maoni yangu hapo ndipo huduma ya magari haya inapofaulu au kuharibika.

Sisi tunaofundisha umeme wa magari tumezoea kuwapima vijana kwa mita na michoro ya waya. Siku hizi nawauliza pia: mteja atafahamu nini ukishamaliza kumpimia gari lake? Wengi hunyamaza.

Chukua tatizo linalojirudia kuliko yote. Magari ya umeme tunayoyaona hapa visiwani Zanzibar yana betri mbili. Iko kubwa ya mamia ya volti, imelazwa chini ya sakafu, hiyo ndiyo inayolisha mota. Na iko ndogo ya volti 12, ile ile tuliyoizoea, inayolisha taa, redio na kompyuta za gari. Ndogo hiyo ndiyo inayofunga swichi zinazoruhusu umeme wa betri kuu utoke. Ikifa, ghala limejaa karafuu lakini mwenye ufunguo hayupo. Usiku mita ilionyesha asilimia 90, asubuhi gari halisogei hata shubiri moja. Joto letu hufupisha umri wa betri hii ndogo, na anayeliacha gari wiki kadhaa akasafiri anaweza kurudi akaikuta imelala.

Sasa mteja anapiga simu, na upande wa pili anajibiwa, "Ah, hiyo betri imekufa bwana." Betri ipi? Ndogo inapatikana madukani mjini na hubadilishwa kwa muda mfupi. Kubwa ni mamilioni ya shilingi. Mpokezi asiyetaja ipi amemlaza mtu macho bila sababu, au amempa tapeli nafasi ya kumuuzia betri kuu mtu aliyehitaji kubustiwa tu, yaani kuazimwa umeme wa betri nyingine gari liwake. Kwa faida ya msomaji: gari la umeme linaweza kubustiwa volti 12 zake kwa gari jingine, lakini usilitumie la umeme kubusti la petroli. Starta ya petroli huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na kifaa kinachochaji betri ndogo ya gari la umeme hakikuundwa kwa mzigo huo.

Simu ya kwanza ina utaratibu wake. Baada ya salamu, uliza mtu yuko wapi na yuko na nani, maana mama mwenye watoto jua la saa saba kule Kiwengwa si sawa na kijana aliyeegesha kwao. Halafu uliza kuhusu hatari: kuna moshi? Harufu ya dawa? Sauti ya kufoka chini ya gari? Limegonga, au limepita kwenye maji? Likiwapo mojawapo, wote washuke, wasogee mbali, na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kiitwe kikiambiwa waziwazi kwamba gari ni la umeme. Moto wa betri ya lithiamu unataka maji mengi sana, na unaweza kuwaka tena saa kadhaa baada ya kuonekana umezimika. Gari lililozama maji, hasa ya chumvi, lisirudishwe chini ya paa la nyumba hata kama linaonekana zima, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme na huanza kula ndani polepole. Wakati wa Masika maelezo haya yawe mdomoni mwa kila mpokezi.

Kama hakuna hatari, omba picha ya dashibodi kwa WhatsApp. Picha moja humpunguzia fundi nusu ya maswali. Katika Nissan Leaf, kwa mfano, ukitokea mchoro wa kasa, gari limejipunguzia nguvu, mara nyingi kwa kuwa chaji inakaribia kwisha. Dereva atafute mahali salama aegeshe, na asilazimishe kupanda mlima. Kwa Pemba yenye vilima hili lina uzito kuliko kwa Unguja. Muuzaji anayejali angempa mteja karatasi moja ya Kiswahili yenye michoro hiyo na maana zake siku ile ile anapomkabidhi ufunguo. Gharama yake ni wino.

Kuna jambo la kuvuta. Vijana wa mitaa yetu ni wepesi wa kamba, Mungu awalipe, lakini hapa wema wao unaweza kuleta hasara. Magurudumu yanayoendeshwa na mota yakiburutwa barabarani, mota huzunguka na kuzalisha umeme usiotakiwa, nao unaweza kuunguza vifaa. Leaf huendeshwa na magurudumu ya mbele, basi ama mbele kuinuliwe, ama gari zima lipakiwe mgongoni mwa brekidauni. Mpokezi alitamke hili kabla hajakata simu, maana akikata tu kamba imeshafungwa.

Si kila gari lisilochaji ni bovu. Chaja ya kubebeka, ile inayochomekwa ukutani, huvuta kiasi cha ampea 10, yaani karibu kilowati 2.3 kwa umeme wetu wa volti 230. Betri ya kilowati-saa 40 iliyokwisha itachukua zaidi ya saa 17 kujaa. Mteja asiyeambiwa haya siku ya kununua atapiga simu asubuhi akisema chaja mbovu, na atakuwa na haki ya kukasirika. Kuna waliomaliza umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla, usiku wa manane. Kuna ambao volti zao hushuka jioni, chaja ikajizima kujilinda. Na kuna nyumba za zamani ambazo hazina waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Chaja nyingi hupima ethi kwanza, zisipoiona huwasha taa nyekundu na kugoma. Fundi anayeidanganya chaja ili ipite bila ethi ameondoa kinga ya mtu atakayegusa bodi ya gari amevaa ndara zilizolowa. Huyo simwiti fundi. Waya uliokuja na gari kutoka Japani nao ukaguliwe, kwa kuwa huko umeme wa majumbani ni volti 100 na 200. Ekstensheni nyembamba ya kuchomekea feni haina kazi hapa, itayeyuka.

Tabia inayoniudhi zaidi ni ya kufuta kodi, yaani alama ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari huihifadhi. Gari linaletwa taa ya onyo inawaka, linaunganishwa na mashine ya kupimia, kodi inafutwa, taa inazima, mteja analipa na kuondoka ameridhika. Baada ya siku mbili taa imerudi. Kodi ile ilikuwa ushahidi, na aliyeifuta bila kuiandika amemuibia mteja habari za gari lake. Nawataka wanafunzi wangu waipige picha kodi kwanza, waiandike kwenye ripoti pamoja na kilomita za gari, waeleze kwa Kiswahili inasema nini, ndipo wazungumzie bei. Ada ya kupima nayo itajwe kabla ya kupima. Na kifaa kilichotolewa mteja aonyeshwe, kimekufa vipi na kwa nini. Betri kuu yenyewe imeundwa kwa vipande: ile ya Leaf ya kilowati-saa 24 ina moduli 48, na za Toyota Prius nyingi, gari linalotumia petroli na umeme, zina 28. Wakati mwingine moduli chache dhaifu ndizo zinazoangusha betri nzima, na mwenye gari ana haki ya kujua kama njia ya kubadilisha hizo tu ipo, pamoja na udhaifu wake, kwa kuwa moduli mpya na kongwe hazizeeki pamoja.

Betri kuchakaa si kuharibika, ila mpaka kati ya mawili hayo usipowekwa mapema hugeuka ugomvi. Leaf ina mita kwenye dashibodi yenye vipande 12 vinavyoonyesha uwezo wa betri uliobaki, na betri yake haipozwi kwa maji, kwa hiyo joto huigusa sana. Mwaka 2012 wenye magari hayo Arizona, jimbo la jangwa huko Marekani, walilalamika kwamba vipande vinapotea upesi. Kampuni ilichukua baadhi ya magari ikayapima, ikasema matumizi na joto vinachangia, na wateja hawakutulia. Kilichosaidia ni hatua iliyofuata: ilitangaza dhamana ya uwezo wa betri ya miaka 5 au maili 60,000, kwamba vikishuka chini ya 9 itarekebisha, na ikawaingiza hata walionunua kabla ya tangazo. Dhamana hiyo haikufuati wewe uliyenunua gari kuukuu bandarini Malindi, Unguja. Somo la muuzaji wa hapa ni kuandika kwenye risiti vipande vingapi vilikuwapo siku ya mauzo, na kusema wazi vikishuka atafanya nini, au hatafanya chochote. Hata jibu la "sitafanya chochote" ni bora likisemwa kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Muda ndio unaotia watu hasira visiwani. Kifaa kiko Dar es Salaam au kiko Japani, na betri za lithiamu katika kanuni za kimataifa za usafirishaji ni mizigo ya hatari ya daraja la 9, haipakiwi hivi hivi kwenye boti ya abiria. Kwa mteja wa Pemba, awe wa mji wa Wete au wa Mkoani, ongeza safari ya pili. Basi mwambieni kilipofika: kimeagizwa, kimelipiwa, kiko forodhani, kinasubiri meli. Inshaallah ni neno tukufu, lisifanywe pazia la kuficha kwamba hakijaagizwa kabisa. Akiwa anategemea gari hilo kubeba wageni wa hoteli, mpangieni usafiri mwingine au mpunguzieni gharama, na mpigieni nyinyi kabla hajapiga yeye.

Mteja naye avumilie mambo fulani. Fundi atachomoa plagi ya usalama, atasubiri kama dakika 10 umeme uliobaki utoke, atavaa glavu za volti 1,000, na hataruhusu mtu asimame karibu na nyaya za rangi ya chungwa, zile za volti nyingi. Kumharakisha ni kumhatarisha.

Ikishindikana mkaelewana, malalamiko ya mlaji hupokewa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Nenda na risiti, ripoti ya kipimo, picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita, na jumbe mlizoandikiana. Usizifute hata ukiwa na hasira. Gereji nazo ziweke nakala zao, kwa kuwa kuna siku mteja ndiye atakayekuwa amesahau aliambiwa nini.