Antibiotiki kwenye maji taka ya hospitali: yanayoaminika na yanayotokea kweli

Mada ya usugu wa dawa, yaani vimelea kuzoea dawa mpaka haiwaui tena, ikiibuka watu tunaongelea wasiomaliza dozi na maduka yanayouza dawa bila cheti cha daktari, na ni kweli kabisa, ila kuna njia nyingine inasahaulika nayo ni choo cha wadi. Mgonjwa akimeza siprofloksasini karibu nusu inatoka kwenye mkojo ikiwa vilevile, amoksilini ndo zaidi ya nusu. Kwa hiyo bomba la hospitali linabeba dawa yenye nguvu pamoja na vimelea vilivyokwisha kuizoea, vyote humohumo. Maji hayo husafishwa kwenye mtambo ambamo bakteria ndo wanaokula uchafu, na hapo ndo dhana nyingi zinapoanzia.

Dhana: antibiotiki inaua bakteria, sasa mtambo wa bakteria utaisafishaje?

Hili linaulizwa sana na naelewa kwa nini. Jibu lipo kwenye kiwango. Kwenye damu ya mgonjwa dawa inapimwa kwa miligramu kwa lita, kwenye maji taka ya hospitali kwa kawaida ni maikrogramu maana imeshachanganyika na maji ya kufulia, ya jikoni na ya mabafuni. Halafu bakteria wa mtambo wanaishi kwa makundi yaliyoshikana, hawashambuliwi kirahisi, na wapo hata wanaoila hiyo dawa: kuna mmoja anaitwa Microbacterium BR1, alipatikana kwenye mtambo unaochuja maji kwa utando wenye vitundu vidogo sana, anaivunja antibiotiki ya sulfamethoksazoli na kujilisha kaboni yake.

Pabaya ni viwandani. Patancheru, karibu na Hyderabad India, utafiti uliotoka 2007 ulikuta siprofloksasini mpaka miligramu 31 kwa lita kwenye maji *yaliyokwisha* kupita mtamboni, mtambo uliokuwa unapokea maji ya viwanda vya dawa kama 90. Hiyo inazidi iliyopo kwenye damu ya mtu aliye kwenye dozi! Hospitali haifiki huko.

Dhana: maji yakitoka meupe basi yamesafika

Chota lita moja kwenye tangi la mtambo linalopulizwa hewa, mimina kwenye silinda ya kioo, acha nusu saa. Utaona tope la kahawia, ambalo ndo makundi ya bakteria wenyewe, linajikusanya mabongemabonge linashuka taratibu, na juu yanabaki maji ambayo unaona vidole vyako upande wa pili, na tope likiwa na afya linanukia udongo mbichi wala sio choo. Inapendeza kuangalia jamani, lakini dawa iliyoyeyuka huioni, na vipimo vya kawaida kama BOD (oksijeni ambayo bakteria wanaitumia kula uchafu uliomo majini) navyo havikuambii kitu kuhusu dawa.

Kila dawa ina tabia yake. Amoksilini inavunjika haraka. Sulfamethoksazoli inapungua kwa kiasi, nyingine inatoka na maji. Trimethoprimu inataka bakteria wanaokua polepole, wale wanaogeuza amonia, sasa kama mtambo unaondoa tope lake kila baada ya siku tatu nne hao bakteria hawapati hata muda wa kuzaliana, tope likikaa wiki mbili tatu mambo yanabadilika. Muda ndo kila kitu hapa, na ndo kitu cha kwanza watu wanachobana ili kupunguza gharama.

Siprofloksasini sasa, hii ndo inadanganya wengi. Kwenye maji inapungua sana, ripoti inaonekana nzuri, kumbe haijavunjwa, imeng'ang'ania kwenye tope, na tope likikaushwa na kupelekwa shambani kama mbolea dawa inakwenda nalo. Vipimo vya Uswisi vilishaonyesha hivyo miaka mingi. Mtu akikwambia mtambo wao unaondoa dawa, muulize tope linakwenda wapi.

Dhana: mwaga klorini nyingi, yataisha

Klorini kazi yake ni mwisho, maji yakishasafishwa. Ukimwaga ndoo za dawa ya kufanyia usafi kwenye chemba kila asubuhi unaua bakteria haohao unaowategemea kwenye septiki au kwenye mabwawa, na baadhi ya antibiotiki klorini inazigeuza tu kuwa kemikali tofauti. Herlev kule Denmark walijenga mtambo wa hospitali ulioanza 2014, wakaanza na bakteria na utando, halafu ndo ikafuata kaboni na ozoni kumalizia yaliyobaki.

Dhana: tatizo ni la hospitali peke yake

Antibiotiki nyingi zinamezwa nyumbani. Mto Nairobi, kwenye utafiti uliochapishwa 2016, sulfamethoksazoli ilifika karibu maikrogramu 14 kwa lita, na ndo iliyomo kwenye Septrin ambayo watu wengi wanaoishi na VVU wamekuwa wakimeza kila siku. Ila antibiotiki za maambukizi makali kama vankomisini na meropenemu zinatumika zaidi wodini, kwa hiyo kuyasafisha maji palepale hospitalini, kabla hayajachanganyika na ya mji mzima, kuna maana kubwa hasa kwa hizo.