Bwawa likinuka dawa, si kwamba ni safi

Kijana anayepata kibarua cha msimu kwenye hoteli ya ufukweni Malindi, Desemba kaskazi ikivuma, huambiwa na wenzake: bwawa likinuka dawa ni safi, wageni wakilalamika macho yanawasha, punguza klorini. Ni kinyume kabisa.

Kinachonuka na kuwasha macho ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo (ndiyo, hata kwenye hoteli za kifahari). Pima klorini ya jumla, yaani yote iliyomo majini, kisha ondoa kwenye hesabu klorini huru, ile ambayo bado haijashikana na kitu. Kinachobaki ndicho kiasi cha kloramini. Kikifika miligramu 1 kwa lita, dawa huongezwa mara kumi yake: miligramu 10 kwa lita. Bwawa la mita za ujazo 100 litataka takriban kilo 1.5 za klorini ya unga ya asilimia 65.

Fanya kazi hiyo jioni, wageni wakishatoka, maana jua huila klorini. Unga ndio unaotiwa kwenye ndoo ya maji, kamwe si maji juu ya unga. Asidi ikae mbali: vikikutana hutoka gesi ya sumu. Pampu izunguke usiku kucha. Asubuhi pima tena. Asiingie mtu mpaka klorini huru ishuke hadi miligramu 3 kwa lita.